Kutoka Rusumo hadi Karamja: Mchezo wa Mtandaoni na Historia ya Umbali

Nilipomweleza mhadhiri wetu kwamba insha yangu ya historia ingehusu mchezo wa mtandaoni, hakucheka. Aliuliza tu, "Historia yake iko wapi?" Siku ile nilikosa jibu. Nimelitafuta tangu wakati huo, na insha hii ndiyo jibu lenyewe.

Mchezo ninaouzungumzia unaitwa Old School RuneScape. Ni ulimwengu wa kubuni wenye wafalme, majoka, wachawi na mashujaa, ambamo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika wake. Mhusika huanza maskini. Hujifunza kuvua samaki, kuchimba madini, kukata miti, kupika, kufua chuma na kupigana, na kila ujuzi una ngazi kuanzia 1 hadi 99. Picha zake ni za kizamani: watu wana nyuso bapa na mikono kama vipande vya ubao. Wenzangu wa bwenini wakiiona simu yangu huuliza kwa nini kijana wa Kigali anacheza kitu kinachofanana na katuni za zamani.

Hoja yangu ni hii. Mchezo huu umedumu mikononi mwetu kwa sababu uliumbwa uwe wa polepole, na sisi wa Kigali tuko mbali na bahari. Umbali huo haujaisha, umefupishwa tu mara kwa mara katika njia ileile iliyotuletea wapagazi, malori na lugha ya Kiswahili. Ushahidi wangu ni wa aina mbili: tarehe zinazojulikana, na miezi michache ya mwaka 2020 niliyoishi mwenyewe.

Nianze na mchezo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na baadaye Richard Bartle walitengeneza mchezo ulioitwa MUD. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba au msitu kwenye skrini, akaandika anataka kufanya nini, na wengine waliokuwa ndani wakayaona matokeo. Wazo la watu wengi kuishi katika ngano moja kwa wakati mmoja lilienea kutoka hapo. Mwaka 1997 ilitoka Ultima Online na mwaka 1999 EverQuest, zote za Marekani. Hizo zilikuwa na picha, lakini zilimtaka mtu anunue diski, awe na kompyuta yenye nguvu, na alipe ada kila mwezi.

Tarehe 4 Januari 2001, Andrew Gower na ndugu zake, vijana wa Uingereza, walifungua RuneScape. Mchezo wao ulitofautiana na hizo nyingine kwa mambo matatu. Kwanza, ulifunguka ndani ya kivinjari cha intaneti kwa kutumia Java, hivyo hata kompyuta dhaifu ya saiba iliuweza. Pili, sehemu kubwa ilikuwa ya bure. Tatu, na hili ndilo muhimu katika insha hii, seva yake huhesabu muda kwa hatua za sekunde 0.6. Ukibofya mti, hukati papo hapo. Seva husubiri hatua inayofuata, ndipo shoka liinuke. Aliye karibu na seva na aliye mbali nayo kidogo husubiri hatua ileile.

Sasa tutazame Rwanda ya wakati huohuo. Mwaka 2001 serikali ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutekeleza mpango wake wa kwanza wa teknolojia ya habari na mawasiliano, na intaneti ya nchi ilipita kwenye setilaiti. Setilaiti za namna hiyo huning'inia kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi linapanda na kushuka, kisha jibu linapanda na kushuka. Jumla ni kilomita 144,000. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo peke yake hula karibu nusu sekunde, kabla ya kuongeza msongamano wa njiani. Mchezo wa kupigana kwa bunduki hauwezi kuchezwa hivyo, kwa sababu unakufa kabla ya kumwona adui. Lakini nusu sekunde bado ni ndogo kuliko 0.6. Sidhani kama vijana wale wa Uingereza waliifikiria Kigali walipokuwa wakiandika programu yao. Hata hivyo, waliacha mlango wazi ambao mtu wa mbali angeweza kuupita.

Julai 2009 waya wa Seacom ulianza kufanya kazi chini ya Bahari ya Hindi, ukitia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ulifuata EASSy. Rwanda ilitandaza waya wake wa nuru nchi nzima hadi mipakani ili iufikie mwambao kupitia Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2014 ilikuja 4G. Katika waya wa nuru, ishara hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na njia ni fupi mno kuliko ile ya setilaiti. Nikipima kwa simu yangu, kwenda seva ya Uingereza na kurudi huchukua sekunde 0.2 hivi siku nzuri. Ni maendeleo makubwa. Lakini michezo mipya nayo haikutusubiri. Ile inayopendwa leo hudai chini ya sekunde 0.1, na bando lake ni la mtu mwenye mshahara. Tumepiga hatua, nao wamepiga hatua. Kwa hiyo mchezo wa mwaka 2001 bado unatufaa.

Jambo la kuwafurahisha wanahistoria ni kwamba mchezo huo uliokolewa na nyaraka. Baada ya miaka ya mabadiliko, wachezaji wengi walilalamika kwamba ulimwengu wao wa awali umepotea. Kampuni yenye mchezo ilikuwa bado na nakala ya akiba ya Agosti 2007. Mwaka 2013 wachezaji waliulizwa kama wanataka nakala hiyo ifunguliwe tena, na kura zaidi ya 400,000 zikapigwa. Februari mwaka huohuo ulimwengu wa 2007 ukarudi kwa jina la Old School. Tarehe 30 Oktoba 2018 ukaingia kwenye simu za mkononi, na kwa njia hiyo ukanifikia mimi.

Hapa naomba msomaji turudi barabarani, kwa sababu aliyeniletea mchezo ni dereva. Kaka yangu mkubwa huendesha lori kati ya Dar es Salaam na Kigali. Anapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, anafika Benako, anavuka Mto Akagera pale Rusumo. Safari ni karibu kilomita 1,450. Njia hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliingia Rwanda akivukia Rusumo, baada ya kutembea miezi kadhaa kutoka pwani na msafara wa wapagazi. Mwaka 1907 Richard Kandt alianzisha kituo cha Kigali, na baada yake wakaja askari, makarani na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili. Wakati wa utawala wa Wabelgiji Waislamu walitengewa mtaa wao, na Biryogo ya Nyamirambo ni mtoto wa historia hiyo. Hadi leo ukishuka Biryogo utasalimiwa kwa Kiswahili kabla hujafika kwenye kikombe cha chai.

Lugha yetu imefika kwa njia hiyo, mafuta na saruji zinafika kwa njia hiyo, na sehemu ya intaneti yetu pia. Miezi kadhaa kwa mguu, siku tatu au nne kwa lori, sehemu ya tano ya sekunde kwa waya. Mahali ni palepale.

Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha nne. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na tarehe 21 Machi nchi nzima ikaambiwa ibaki nyumbani. Malori yaliruhusiwa kuendelea, maana nchi isiyo na bahari haiwezi kuyafunga. Kisha madereva wa masafa marefu wakaanza kukutwa na maambukizi, na pale Rusumo ukawekwa utaratibu mpya wa kubadilisha madereva au kuhamisha mizigo mpakani. Foleni zikawa ndefu. Kaka alikuwa upande wa Tanzania, anarudi. Mama alikuwa akimpigia simu kila jioni, na kila jioni maswali yalikuwa yaleyale: umekula, umepimwa, unakuja lini. Baada ya maswali hayo kulikuwa na ukimya, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu la lile la mwisho.

Ndipo kaka akanitumia ujumbe: "Pakua mchezo huu. Tukutane Karamja."

Karamja ni kisiwa ndani ya mchezo. Unapanda meli bandari ya Port Sarim kwa sarafu 30, unashukia mahali paitwapo Musa Point. Jina hilo lilituchekesha, tukawa tunasema tunakwenda kwa mzee Musa. Kuna migomba, kuna volkano, na gatini wavuvi huvua kambakoche. Ili umvue unahitaji ngazi ya 40. Mimi nilianza na ngazi ya 1, nikivua uduvi kwa wavu mdogo, na kaka akinisubiri kisiwani.

Nieleze kwanza yanayoudhi, kwani ni mengi. Kazi ni ileile. Unabofya maji, unasubiri, samaki anapatikana au hapatikani, unabofya tena. Mkoba unabeba vitu 28 tu. Ukijaa, unapanda meli, unalipa, unahifadhi, unarudi, unalipa. Ngazi nazo zinadanganya: alama zinazohitajika kufika 92 ni nusu tu ya zile za 99. Kaka alipofahamu hivyo alisema, "Basi 92 ni Singida," yaani umesafiri sana na bado umefika nusu. Mvua ya Kigali ikinyesha, picha ilikuwa ikiganda, na ukirudi unamkuta mhusika wako amesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Kuna kazi moja ambayo nimeifikiria sana tangu nianze kusoma historia. Mwenye shamba la migomba pale Karamja humwajiri mchezaji ajaze sanduku la ndizi. Ndizi 10 ni sarafu 30. Nauli ya meli ya kurudi nayo ni sarafu 30. Mtu aliyefika kisiwani bila pesa hufanya kazi na kupata nauli, hapati zaidi. Nilipomwambia kaka, alijibu kwamba hiyo ni posho ya dereva. Mimi nilikumbuka somo la uhamaji wa vibarua. Katika miaka ya 1920 Wanyarwanda wengi walitembea hadi Uganda kulima pamba na kahawa za watu, wakikimbia kodi, shokoa na njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929. Wengine waliandikishwa kwenda migodi ya Katanga. Sitaki kulinganisha mateso ya watu hao na kubofya ndizi kwenye simu. Nasema tu kwamba ujira unaolingana na nauli nilikuwa nimeusoma darasani kama neno, na pale kisiwani nikauelewa kama hesabu.

Raha zake ni ndogo, lakini ni za kweli. Kuvua hakuhitaji macho wakati wote, hivyo mikono inapata nafasi ya kuandika. Kaka alisisitiza tuandike Kiswahili, kwa sababu nilikuwa nimechagua mchepuo wa lugha. "Kitabuni utapata sarufi," aliniambia, "mimi nitakupa barabara." Kwake nilijifunza utingo, shehena, mizani, kushusha na kulala njiani. Maneno yetu yalikuwa yakitokea juu ya vichwa vya wahusika, na mtu yeyote aliyesimama karibu aliweza kuyasoma. Usiku mmoja mvuvi mwingine, ambaye alikuwa amekaa kimya karibu nusu saa, aliandika, "Wakuu, nyinyi ni wa wapi?" Alikuwa wa Mombasa. Watu watatu, nchi tatu, seva ya Uingereza, na tulikuwa tunazungumzia bei ya unga.

Raha kubwa kuliko zote ilikuwa kuona jina la kaka likiwaka kijani. Maana yake ilikuwa kwamba yuko macho, simu ina chaji, na mwili una nguvu ya kucheza. Nilikwenda jikoni kumwambia mama, "Yuko Karamja." Mwanzoni hakuelewa. Baada ya wiki moja alikuwa akiniuliza mwenyewe, "Amefika Karamja leo?"

Kisha likaja kosa langu. Kaka alikuwa ameninunulia deraya, ngao, chapeo na upanga wa rune, mapato ya wiki nyingi za kambakoche. Alinionya nisivuke mtaro wa kaskazini, kwa kuwa upande wa pili ni nyika ambamo wachezaji huruhusiwa kuuana, na anayekufa hubakiwa na vitu vitatu tu vya thamani zaidi. Siku moja jina lake halikuwaka. Nilisubiri asubuhi, nikasubiri mchana. Jioni nikavuka mtaro nikiwa na vyote alivyonipa, pamoja na sarafu zetu zote, nikitafuta utajiri wa haraka wa kumshangaza atakaporudi. Mtu alitokea. Picha ikaganda. Ilipoamka nilikuwa Lumbridge, mahali wanapozinduka waliokufa. Sijui ni mvua, ni mtandao, au ni wepesi wa yule mtu. Pupa yangu ndiyo nina hakika nayo.

Kaka aliingia siku ya tatu. Alikuwa amehamishwa mahali pa kusubiri majibu ya vipimo, na huko hakukuwa na mtandao wa maana. Nilimwandikia habari za deraya kabla ya salamu. Alikaa kimya hatua kadhaa, kisha akaandika: "Lori likianguka, kwanza huulizwa dereva. Wewe uko hai?" Nikaandika ndiyo. Akaandika, "Mimi pia. Chukua wavu." Tukaanza upya.

Mzee wetu hadi leo anasema mchezo wenye akili una mashimo 32 na kete 64. Anamaanisha igisoro, ndugu wa bao, na jioni anaweza kukaa nao mpaka chakula kipoe. Zamani nilikuwa nikibishana naye. Siku hizi naona tunasema jambo moja. Igisoro pia si haraka. Watu wawili hukaa pamoja, mikono ikiwa na kazi, na katikati ya kete mazungumzo ambayo yasingeanza kwa kutazamana yanaanza. Tofauti ni kwamba ubao wa mzee unahitaji watu wawe kivuli kimoja, na mwaka 2020 kivuli kimoja kilikatazwa.

Wapo watakaosema umbali umekwisha, kwamba intaneti imeifanya dunia kijiji. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kusini mwa bara letu, na mtandao ukayumba Tanzania, Kenya, Uganda na hapa kwetu. Kigali haina pwani, lakini siku ile bahari ilifika hadi mezani pangu. Anayeishi mbali na bandari hulijua jambo hili kwa namna ambayo aliye karibu na seva hana sababu ya kuijua.

Kwa hiyo, nimjibu mwalimu wangu. Historia ya mchezo huu iko katika sekunde 0.6. Ndani ya hatua hiyo moja mna setilaiti, waya wa chini ya bahari, daraja la Rusumo na foleni ya malori. Tumezoea kuandika historia ya teknolojia kama mbio, ambapo kipya humshinda cha zamani. Huku kwetu mara nyingi kinachobaki ni kile kinachoweza kusubiri. Wanyarwanda husema "Buhoro buhoro ni rwo rugendo." Waswahili husema polepole ndio mwendo. Lugha mbili zilizo rasmi leo katika nchi hii, Kiswahili tangu 2017, zilifika kwenye methali moja, na sishangai: zimetembea barabara moja.

Kaka alivuka Rusumo mwishoni mwa Juni 2020. Wiki iliyopita alikuwa Kahama, akisubiri tairi. Ujuzi wake wa kuvua umefika 92. "Niko Singida," aliniandikia. Mimi niko 81, na nilikuwa na insha ya kumaliza. Nilimwambia anisubiri kwa mzee Musa.